Kikundi cha kusomesha watoto nyumbani: namna ya kukipata au kukiunda hapa Tanga

Mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani hapa Tanga hakosi vitabu, na kwa kawaida hakosi bidii. Anachokosa ni wenzake. Mtoto hufika mahali akachoka kubishana na mama yake juu ya hesabu, na mama naye hufika mahali akatamani mtu mzima mwingine amweleze mtoto zile sehemu ambazo yeye amezieleza mara kumi bila mafanikio. Hapo ndipo wazo la kikundi huzaliwa: familia mbili tatu zikutane, watoto wasome pamoja baadhi ya siku, na wazazi wagawane masomo kwa kadiri ya ujuzi wao. Nimeshiriki katika vikundi viwili vya namna hii, kimoja kilichokufa kabla hakijatimiza miezi mitatu na kingine ambacho kingali hai. Tofauti yao haikuwa mtaala wala fedha, bali saa. Kile cha kwanza tulikijenga juu ya saa tulizotamani kuwa nazo, na cha pili tukakijenga juu ya saa tulizokuwa nazo kweli.

Anzeni ofisini kabla ya barazani

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, iliyotungwa mwaka 1978, inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba na kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeiweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Sheria hiyo haikuandikwa kwa kuwafikiria wazazi wanaosomesha nyumbani, kwa hiyo kikundi cha wazazi hakiwezi kujitangaza kuwa mbadala wa shule, na mzazi anayeambiwa vinginevyo na wenzake anadanganywa.

Kinachowezekana ni kuwajua vizuri watoto mlio nao. Katika kikundi chetu wapo wadogo ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza. Wapo watoto wa familia zilizoko Tanga kwa muda, wanaofuata mtaala wa nchi watakayorudi. Wapo vijana waliomaliza darasa la saba siku nyingi, wanaojiandaa na mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Na wapo walioandikishwa shuleni, wanaosoma nasi kwa ziada Jumamosi na wakati wa likizo. Tumewahi pia kumpokea mtoto aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, na huyo tulikubaliana kwanza na mwalimu mkuu wa shule yake, kwa maandishi, ili asifutwe katika daftari la mahudhurio wala asionekane mtoro.

Andikeni orodha ya watoto, kila mmoja na umri wake, shule alikoandikishwa au sababu ya kutoandikishwa, kisha mwende nayo kwa Afisa Elimu Kata na kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mimi nilikwenda na risala ndefu kichwani kuhusu faida za kujifunza nyumbani. Afisa aliitikia salamu, akanikaribisha kiti, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mama, watoto hawa wameandikishwa wapi?" Nikamkabidhi orodha. Aliisoma kwa kidole, jina kwa jina, akaweka alama ya kuuliza mbele ya mtoto mmoja wa miaka minane, na mtoto huyo akaandikishwa shule wiki iliyofuata. Risala yangu hakuisikia hata sentensi moja, na sidhani kama alikuwa na haja nayo.

Kuna mpaka mwingine ambao ni rahisi kuuvuka bila kukusudia. Mkianza kupokea watoto wa watu kila siku, mkatoza ada na kumwajiri mwalimu, mmekuwa shule, na shule haiendeshwi bila usajili. Mkiwashika wadogo kutwa nzima huku wazazi wao wakiwa kazini, mmekuwa kituo cha kulelea watoto mchana, nacho kina usajili wake kupitia ustawi wa jamii. Sisi tulijiwekea masharti mawili yanayotuzuia tusifike huko: hakuna anayelipwa kwa kufundisha, na hakuna familia inayoleta mtoto bila kuleta pia mtu mzima wa kushika zamu.

Kuhesabu saa

Hii ndiyo kazi kubwa, na ningemshauri mzazi aifanye kabla hajataja somo lolote. Chukueni karatasi ya manila, mchore siku saba za wiki kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila familia ikiwa na mstari wake. Kisha kila mmoja afute kwanza yale yasiyohamishika. Msianze na saa zilizo wazi, kwa sababu mtu akiulizwa "una nafasi lini?" hujibu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyokiua kikundi chetu cha kwanza.

Kilikuwa na familia 9 na watoto 23. Mwenye nyumba aliyetukaribisha alisema saa nane mchana hadi saa kumi zingemfaa, na sisi wageni, kwa heshima, tukaitikia kwamba zinatufaa wote. Wiki ya pili nusu ya watoto walikuwa wakiinuka katikati ya somo kukimbilia chuo cha Kurani, waliobaki wakisinzia kwa joto la Februari, na yule mwenye nyumba akiona haya kutuambia kwamba mumewe, ambaye hufanya kazi za usiku, hulala saa hizo hizo. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani tulikuwa tumebaki familia mbili tunaotazamana.

Yasiyohamishika katika mji huu yanajulikana. Watoto wengi wa Kiislamu huwa chuoni alasiri, na wengine pia Jumamosi na Jumapili asubuhi. Ijumaa huanza kukatika saa tano. Familia za Wasabato hazipatikani Jumamosi, na za Wakristo wengine hazipatikani Jumapili. Mama muuza samaki hufuata ngalawa zinaporudi, na ngalawa hazifuati kalenda ya shule. Mzazi wa zamu za hospitali au za bandarini ana wiki zisizofanana. Halafu kuna jiko: chakula cha mchana lazima kianze kushughulikiwa saa tano, na mpango wowote unaojifanya kutolijua jambo hilo utakuwa umepangwa na mtu asiyepika.

Tulipomaliza kufuta, karatasi ya kikundi chetu cha pili ilituachia Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano, pamoja na Jumamosi kuanzia saa kumi jioni kwa wale walio shuleni katikati ya wiki. Saa tano tu za asubuhi kwa wiki nzima! Mmoja wetu alivunjika moyo pale pale. Hata hivyo uchache huo ulitusaidia kuamua kikundi ni cha nini. Kusoma kwa sauti, kuandika mwandiko, kurudia jedwali la kuzidisha na kusahihisha madaftari ni kazi za nyumbani, ambazo mzazi mmoja na mtoto mmoja huzifanya vizuri kuliko umati. Kikundi tukakiachia yale ambayo nyumba moja haiwezi: majaribio ya sayansi, mijadala, michezo inayohitaji timu, ziara, na yale masomo ambayo mzazi mmoja anayajua na wengine hawayajui.

Pangeni mapema pia miezi isiyo ya kawaida. Katika Ramadhani sisi huanza saa tatu na kumaliza saa tano kasorobo, bila michezo ya kukimbia, na katika kumi la mwisho hatukutani kabisa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, zipo asubuhi ambazo baiskeli haipiti katika baadhi ya mitaa, kwa hiyo tulikubaliana kwamba mvua ikiwa inanyesha saa moja na nusu, kila mtu abaki kwake bila haja ya kupigiana simu.

Kuzipata familia

Kama kikundi kiko tayari karibu nawe, omba kukitembelea mara mbili kabla ya kujiunga, na mara ya pili usitoe taarifa ndefu. Angalia kama wazazi wamekaa pembeni na simu zao au wamekaa na watoto, angalia mtoto anayekosea anajibiwaje, na umuulize mama aliyejiunga mwisho ilimchukua muda gani kupewa zamu. Kikundi ambacho mtu mmoja ndiye mwalimu, mweka hazina na mwenye nyumba kina tatizo hata kama mtu huyo ni malaika.

Kama hakipo, familia za kuanza nazo hupatikana mahali ambapo wazazi hukaa na watoto wao mchana wa kazi: maktaba ya mkoa pale mjini, kliniki, uwanja wa michezo, ufukweni Raskazone, na katika michezo ya upatu, ambako wanawake wameshajuana kwa jambo gumu kuliko yote, yaani fedha. Mimi nilimpata mwenzangu wa kwanza kwenye foleni ya kudurufu karatasi; alikuwa ameshika kurasa za hesabu za darasa la tatu saa nne asubuhi ya Jumatano, na mtoto wake amekaa juu ya baiskeli akila embe.

Familia tatu zinatosha kuanza, na tano naona ndiyo kikomo cha baraza moja. Zikae katika umbali ambao mtoto wa miaka 10 anaweza kuumaliza kwa baiskeli, kwa sababu nauli ya bajaji mara mbili kwa wiki, kwa watoto watatu, ndiyo inayomtoa mzazi kimya kimya bila kuaga. Aliyeko Chumbageni na aliyeko Ngamiani wanaweza kukutana. Aliyeko Mabokweni atafute wenzake wa huko, hata kama anawapenda sana hawa wa mjini.

Msifichane mambo matatu: kila mmoja anataka mtoto wake afike wapi, anafuata dini gani na angependa iguswe kiasi gani katika masomo, na anamwadhibuje mtoto. La tatu ndilo linalovunja urafiki. Sisi tulikubaliana kwamba hakuna mkono wa mtu kwa mtoto yeyote, wake au wa mwenziwe, muda wote wa kikundi, na mama mmoja aliyeona huko ni kulea mayai alijiondoa kwa amani kabla hatujaanza.

Jipeni wiki nne za majaribio kabla ya kuandika chochote. Kuna msemo wa zamani juu ya mji huu, "waja leo waondoka leo", na kila kikundi kina watu wake wa namna hiyo. Wiki nne zinatosha kuwajua bila kugombana nao. Baada ya hapo andikeni katiba fupi ya ukurasa mmoja yenye siku, saa, zamu, mchango, adhabu zisizoruhusiwa na namna ya kutoka. Mkitaka kufungua akaunti ya benki ya kikundi, ndipo mtakapomwona Afisa Maendeleo ya Jamii kwa ajili ya usajili. Kwa familia tatu zenye daftari moja la mapato na matumizi sioni haja.

Watoto wa umri tofauti kwenye mkeka mmoja

Wazazi huogopa zaidi jambo hili: mtoto wa miaka sita na kijana wa miaka kumi na nne watafundishwaje pamoja? Jibu tulilolipata ni kuweka kitu kimoja katikati na kukiulizia maswali ya viwango vitatu.

Mama mmoja wa Ngamiani, aliyewahi kuuza mchele rejareja kwa miaka mingi, alikuja Jumanne moja na pishi, kibaba na kilo kadhaa za mchele na maharage kwenye ndoo. Alikaa chini, akakunja kanga yake magotini, akamwambia mdogo kuliko wote ajaze pishi kwa kibaba huku akihesabu kwa sauti. Mtoto alimimina vibaba vinne, wa mwisho ukamwagika kidogo mkekani, kuku wa jirani wakasogea. Wale wa kati walipewa kazi ya kuandika: kibaba ni robo ya pishi, viwili ni nusu, vitatu ni robo tatu, kisha wakatakiwa kuonyesha kwa mchele wenyewe kwa nini robo mbili na nusu moja ni kitu kile kile. Wakubwa walikuwa na mizani ya jikoni. Walipima kibaba cha mchele, wakapima cha maharage, wakaona kwamba uzito haufanani ingawa chombo ni kimoja. Halafu yule mama akawaonyesha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilicho nacho: alijaza kibaba mpaka mchele ukafanya kichuguu juu, akaupima, akakijaza tena, akaupangusa kwa kiganja ukalingana na ukingo, akaupima tena. Wakubwa wakapewa kutafuta tofauti hiyo ni asilimia ngapi, na muuzaji anayepangusa angebakiwa na kiasi gani baada ya kuuza vibaba mia. Somo liliisha saa nne na nusu, na kijana mmoja aliyekuwa akidai hesabu hazina maana alikwenda dukani jioni ile na kumtazama muuzaji mikono.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa historia na jiografia ya hapa nyumbani. Mkonge ulioujenga mkoa huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mdogo anaweza kuchora miche 62 na kuligusa jani la mkonge lenyewe. Wa kati atafute asilimia iliyosalimika na iliyokufa. Mkubwa aeleze kwa nini zao hilo lilihitaji reli, akikumbuka kwamba ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka huo huo wa 1893, na ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla haijawa shamba.

Bahari nayo ni maabara isiyotoza ada. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Wapeni watoto kijiti chenye alama na mahali pamoja pa kukisimika, waandike saa na kimo kwa wiki mbili, na wataigundua wenyewe tofauti ya bamvua na maji mafu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kukauka mbali, na katikati yake huenda na kurudi kwa uvivu. Wavuvi wanaoketi chini ya miti pale ufukweni watawasahihisha bila kuombwa, nanyi mjiandae kukaa hapo muda mrefu kuliko mlivyopanga.

Ziara: chache, na zenye kazi ya kufanya

Tulianza kwa kwenda kila wiki mbili, tukaishia kwenda mara mbili kwa muhula, kwa sababu kila ziara hula siku mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kupumzika. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, yamechongwa na maji katika mwamba wa chokaa, na mtoto akidondosha matone ya siki juu ya kipande cha chokaa nyumbani akaona kinatoa povu, akifika kule ataelewa anachokitazama. Bebeni tochi ya kila watoto wawili, mfuate kiongozi, na mdogo anayeogopa giza aachwe nje na mtu mzima bila kuchekwa.

Magofu ya Tongoni, yapata kilomita 20 kusini kwa barabara ya Pangani, yanapendeza zaidi kwa wakubwa: msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo, na bahari iliyo karibu ambako meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka India, aliichoma moto katika pwani hii hii, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Kabla ya kwenda kila mtoto apewe kaburi moja la kulichora na kulipima kwa futi kamba, la sivyo watakimbizana tu, na mahali pale hapafai kukimbizwa.

Fedha na chai

Mchango wetu ni mdogo na unalipwa mwanzoni mwa mwezi kwa mweka hazina anayebadilika kila muhula. Unanunua chaki, manila, rula, na kulipia kudurufu. Vitabu hatununui kwa pamoja, kwa sababu kitabu cha kikundi hupotea. Kila familia hununua vyake na kuviandika jina. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bila malipo katika maktaba mtandao yake, kwa hiyo gharama inabaki kwenye bando na kudurufu. Angalieni tu toleo: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na vitabu vya zamani mtakavyopewa na majirani vinaweza kuwa vizuri kwa mazoezi lakini visiwe ndio mwongozo.

Chai ilitusumbua kuliko chaki. Ukarimu wa Kitanga haumruhusu mwenye nyumba awaache wageni wakae saa mbili na nusu kwa maji matupu, basi mwenzetu wa kwanza alikaanga mihogo na vitumbua kila Jumanne, akalipia sukari na unga mwenyewe, akikosa somo lote kwa kuwa jikoni. Alipochoka hakusema, alianza kuugua siku za Jumanne. Sasa kila mtoto huja na chakula chake na chupa ya maji, mwenye nyumba amekatazwa na katiba kuwasha jiko, na sharti hilo lilipigiwa kura baada ya ubishi mkali kuliko wa jambo jingine lolote.

Usalama wa watoto

Hapa sina maneno mengi, kwa kuwa hapajadiliki. Wawepo watu wazima wawili wakati wote, wa familia mbili tofauti. Mtoto asipelekwe chumba cha ndani na mtu mzima mmoja, awe ni nani. Asichukuliwe na mtu ambaye mzazi hakumtaja siku hiyo, hata kama ni mjomba wake. Picha za watoto zisipelekwe nje ya kikundi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe mahali ambapo watoto wenyewe wanaisoma, na waelezwe ni ya nini. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lijulikane liko wapi kabla halijahitajika.

Mitihani

Kwa vijana waliomaliza shule ya msingi bila kuendelea, Baraza la Mitihani la Tanzania lina Mtihani wa Maarifa, na anayefaulu huweza kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika katika vituo vya mitihani miezi mingi kabla ya mtihani, na anayechelewa huongezewa ada, kwa hiyo tarehe zifuatwe mapema kwenye kituo mtakachokitumia. Kikundi kinaweza kuwasaidia vijana hawa kwa jambo moja ambalo nyumba haiwezi: kuketi kimya kwa saa tatu, chumbani, na karatasi ya mwaka uliopita, chini ya macho ya mtu asiyewaonea huruma. Sisi humwita baba wa familia nyingine kila mara.

Wanaofuata mtaala wa nje wahakikishe kwanza ni kituo gani kitawapokea kama watahiniwa wa nje, na ni masomo gani kituo hicho kinayasimamia, ndipo wanunue vitabu. Lugha nayo iamuliwe mapema. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na kijana aliyejifunza sayansi yote kwa Kiswahili anaielewa vizuri lakini anaweza kukwama kwenye swali lenyewe; sisi hufafanua kwa Kiswahili na kuandika majibu kwa Kiingereza, kwa wale tu wanaojiandaa na mtihani huo.

Mgogoro na kuondoka

Mwisho wa kila muhula tunarudisha ile karatasi ya manila ukutani na kufuta upya, kwa sababu saa za watu hubadilika: mtoto amehamia chuo kingine, mama amejifungua, baba amehamishiwa Muheza. Malalamiko yanasemwa siku hiyo, watoto wakiwa hawapo, na yakiandikwa kwenye muhtasari. Yanayosemwa barazani kwa watu katikati ya muhula tumekubaliana kutoyajibu, ingawa sitasema kwamba tunafanikiwa mara zote.

Familia inayoondoka hutoa taarifa ya wiki mbili, hukabidhi zamu zake, na haidai kurudishiwa mchango. Vifaa ilivyonunua yenyewe huondoka navyo, vilivyonunuliwa na mfuko hubaki. Watoto wapewe siku ya kuagana, kwani wao hawakugombana na mtu. Kikundi kikizidi familia tano, kigawanyeni kwa mitaa badala ya kutafuta baraza kubwa zaidi, na vikundi viwili vikutane Jumamosi moja kwa mwezi kwa michezo. Sisi tuligawanyika mwaka jana. Wenzetu wa Makorora walichukua ubao na mizani, na pishi na kibaba vikabaki Ngamiani kwa mwenyewe.